Shamba kama darasa na kama ajira: mafunzo ya kilimo kwa watu wenye ulemavu wa akili

Vijijini kwetu, kijana mwenye ulemavu wa akili mara nyingi anafanya kazi tayari. Anachunga mbuzi, anachota maji, anapukuchua mahindi, anasomba kuni. Jirani akihitaji mtu wa kupalilia, anaitwa. Jioni anapewa sahani ya ugali, pengine na shati kuukuu, na watu wanasema amesaidiwa. Kwa hiyo kinachokosekana si kazi. Kinachokosekana ni mtu wa kumfundisha kazi hiyo kwa utaratibu, na malipo yanayofika mkononi mwake.

Makala hii tumeiandaa kwa ajili ya wasikilizaji wanaopenda kusoma kwa utulivu mambo ambayo hewani hupita haraka. Tunaeleza ulemavu wa akili ni nini, kwa nini shamba limetumika kama mahali pa mafunzo katika nchi nyingi, kazi inafundishwaje hatua kwa hatua, sheria inasemaje, na ni wapi mafunzo yanapogeuka kuwa utumikishaji. Tumewalenga wazazi na walezi, walimu, viongozi wa vikundi, na mkulima yeyote mwenye shamba na nia njema.

Ulemavu wa akili ni nini?

Tuanze kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, na mara nyingi hutibika au hudhibitiwa kwa dawa na ushauri. Ulemavu wa akili ni hali inayoanza kabla ya utu uzima. Mtu huchukua muda mrefu zaidi kujifunza, kuelewa maelezo, kukumbuka na kutatua matatizo, na pia hupata ugumu katika mambo ya kila siku kama kujihudumia, kutumia fedha au kusafiri peke yake. Hakuna dawa ya kuuondoa, lakini mafunzo hubadilisha sana kile ambacho mtu anaweza kufanya.

Sababu zake ni nyingi. Baadhi hutokana na mabadiliko ya kromosomu, kama ilivyo kwa sindromu ya Down. Nyingine hutokea wakati wa ujauzito, kwa mfano mama anapokosa madini joto, au wakati wa kujifungua mtoto anapokosa hewa. Homa ya uti wa mgongo na malaria kali inayoshambulia ubongo wa mtoto mdogo zinaweza pia kuacha madhara ya kudumu. Mara nyingine sababu haijulikani kabisa. Laana na uchawi havimo katika orodha hii, na mama hana kosa la kujibebesha.

Usonji na mtindio wa ubongo ni hali nyingine. Zinaweza kuambatana na ulemavu wa akili, lakini si lazima. Kuna mtu mwenye mtindio wa ubongo ambaye mwili haumtii na akili yake iko sawasawa. Na maneno kama zezeta au taahira, ambayo bado tunayasikia mitaani, ni matusi.

Kwa nini shamba?

Sababu ya kwanza ni kwamba kazi za shamba hujirudia. Kuku wanalishwa kila asubuhi, mayai yanakusanywa kila siku, bustani inamwagiliwa kila jioni. Mtu anayehitaji kufanya jambo mara mia moja ili likae kichwani anapata hizo mara mia moja bila mtu kumtengenezea zoezi la bandia.

Sababu ya pili ni kwamba matokeo yanaonekana kwa macho. Mchicha uliomwagiliwa unasimama, uliosahauliwa unanyauka. Mtu hahitaji kusoma ripoti ili ajue kazi yake imefanya nini. Kwa sababu hiyo wanaoanza mafunzo hushauriwa kuanza na vitu vya haraka. Mchicha huwa tayari kuchumwa ndani ya wiki tatu hadi nne, na kuku wanaotaga hutoa mayai karibu kila siku. Parachichi ni biashara nzuri, lakini hata mche uliobebeshwa unachukua takriban miaka mitatu kuzaa. Kwa mwanafunzi anayeanza, hiyo ni miaka mitatu ya kuambiwa asubiri.

Sababu ya tatu ni kwamba shamba lina kazi za viwango vingi. Yupo atakayeweza kuendesha mashine ya kukata majani, na yupo atakayeweza kusogeza ndoo kutoka hapa hadi pale. Wote wawili wanaweza kuwa katika kikundi kimoja, na kazi ya kila mmoja ikawa ya kweli.

Lakini tuseme na upande wa pili. Si kila mwenye ulemavu wa akili anapenda shamba, kama ambavyo si kila kijana wa kijijini anapenda jembe. Yupo anayeogopa wanyama, yupo asiyestahimili jua, na yupo ambaye angefurahi zaidi dukani, jikoni au kwenye cherehani. Shamba ni nafasi moja kati ya nyingi. Likiwa nafasi pekee inayotolewa, mtu hajachagua.

Mifano iliyotangulia

Wazo la watu wenye ulemavu wa akili kuishi na kufanya kazi shambani kwa heshima lina historia ndefu Ulaya, na baadaye lilifika Afrika. Mmoja wa waasisi wake ni Karl König, daktari wa watoto kutoka Vienna, aliyezaliwa mwaka 1902. Alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, na mwaka 1938 Ujerumani ya Hitler ilipoimeza Austria alilazimika kukimbia. Akiwa mkimbizi Scotland, yeye na wenzake walianza kuwatunza na kuwafundisha watoto wenye ulemavu. Mwaka 1940 walihamia eneo liitwalo Camphill, karibu na mji wa Aberdeen, na jina hilo likawa jina la vuguvugu zima.

Watoto wale walipokua likazuka swali ambalo wazazi wengi wa kwetu wanalijua: baada ya shule, waende wapi? Jibu la Camphill lilikuwa kijiji cha watu wazima. Mwaka 1955 kilianzishwa Botton, kaskazini mwa Uingereza, chenye mashamba, mifugo na karakana. Kwa miaka mingi katika vijiji vya namna hiyo hakukuwa na mshahara kwa mtu yeyote, awe na ulemavu au asiwe nao. Wote walikula na kuishi kwa mfuko mmoja.

Barani Afrika, kijiji cha Camphill cha Dassenberg, kaskazini mwa Cape Town, kilianza mwaka 1964. Huko watu wazima wenye ulemavu wa akili wanaishi na kushiriki kazi za ng'ombe wa maziwa, bustani na uokaji wa mikate. Botswana nayo ina kituo katika kijiji cha Otse kilichoanza mwaka 1974 kama shule, na baadaye kikaongezewa mafunzo ya kazi kwa vijana.

Uholanzi ilichukua njia nyingine. Badala ya kujenga vijiji maalumu, iliwatumia wakulima wa kawaida. Mkulima mwenye ng'ombe au bustani anawapokea watu kadhaa kwa siku fulani za wiki, wanafanya kazi pamoja naye, jioni wanarudi nyumbani. Mwaka 1998 mashamba ya aina hiyo yalikuwa takriban 75, na sasa yamepita 1,000. Yaliongezeka kwa sababu mkulima analipwa kwa huduma anayotoa. Tangu mwaka 2015 sehemu kubwa ya malipo hayo inapitia serikali za mitaa, na kwa wenye mahitaji makubwa ya kudumu kuna sheria nyingine ya matunzo ya muda mrefu.

Hapa kuna jambo la kuangalia kabla hatujaiga. Mholanzi anayekwenda shamba la namna hiyo kwa kawaida hapati mshahara, lakini ana posho ya ulemavu kutoka serikalini. Kwetu, ruzuku ya TASAF inalenga kaya maskini zilizoandikishwa katika mpango huo. Kenya ina Inua Jamii, inayotoa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa watu wenye ulemavu mkubwa walioandikishwa. Wengi hawamo katika mipango hii. Mtu akifanya kazi bila malipo Uholanzi, ana cha kula. Akifanya hivyo kwetu, anabaki mikono mitupu.

Kazi inafundishwaje?

Katika miaka ya 1970, mtafiti Marc Gold wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani alifanya jambo lililowashangaza wengi. Aliwachukua watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, ambao wataalamu walikuwa wamekata tamaa nao, akawafundisha kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande 15. Walijifunza. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanafunzi asipoelewa, mwalimu atafute njia nyingine ya kufundisha kabla ya kusema mwanafunzi hawezi.

Njia yake kuu ilikuwa kuivunja kazi katika hatua ndogo, na inafaa shambani kama ilivyofaa kwenye baiskeli. Tuchukue kazi ya kujaza viriba kwenye kitalu cha miche. Kwetu sisi ni kazi moja. Kwa mwanafunzi ni kazi saba:

1. Chukua kiriba kimoja kutoka kwenye fungu.
2. Kisugue kwa vidole mpaka mdomo ufunguke.
3. Tia udongo mpaka nusu.
4. Gonga kitako chini mara mbili ili udongo ushuke.
5. Ongeza udongo mpaka ibaki nafasi ya upana wa kidole kutoka juu.
6. Gonga tena.
7. Kipange kitaluni kikiwa wima, kikigusana na mwenzake.

Mkufunzi anakaa karibu na kuangalia ni hatua ipi inakwama. Mara nyingi ni ya pili, kwa sababu plastiki hushikana. Asiye na orodha atasema, "Huyu kazi hii haiwezi." Mwenye orodha atasema, "Hatua ya pili inamshinda," na ataleta kikombe cha maji ili kijana aloweshe vidole. Hukumu ya kwanza inamfukuza mtu kazini, na ya pili inatatuliwa kwa kikombe cha maji.

Msaada nao una ngazi. Kwanza unamshika mkono na kufanya naye. Kisha unaonyesha kwa vitendo, yeye anafuata. Kisha unaelekeza kwa kidole tu. Kisha unasema neno moja. Mwisho unanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kwa wazazi na walimu wengi, kwa sababu tumezoea kuingilia kati tukiona mtu anasita. Kusita si kushindwa. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kusaidia.

Wengine huanza kufundisha kutoka mwisho. Mkufunzi anafanya hatua sita za mwanzo, mwanafunzi anafanya ya saba, yaani kukipanga kiriba mahali pake. Siku zinazofuata anaongezewa ya sita, halafu ya tano. Faida yake ni kwamba tangu siku ya kwanza mwanafunzi ndiye anayemaliza kazi.

Lugha iwe fupi. Agizo moja kwa sentensi moja. Badala ya "Ukimaliza hapo nenda kachukue ndoo ukawape kuku maji ila usisahau kufunga mlango," sema, "Chukua ndoo." Akiwa nayo mkononi, sema linalofuata. Na usiulize, "Umeelewa?" Karibu kila mtu atajibu ndiyo, hasa aliyezoea kugombezwa. Sema, "Nionyeshe."

Vifaa vidogo vinavyobeba mzigo wa hesabu

Kazi nyingi za shamba zinaonekana kudai kusoma na kuhesabu. Ukizitazama vizuri, kifaa rahisi kinaweza kufanya hesabu hiyo badala ya mtu.

Trei ya mayai inachukua mayai 30. Asiyeweza kuhesabu mpaka 30 anaweza kuona kwamba trei imejaa. Kuku 50 wanaotaga wanahitaji takriban kilo 6 za chakula kwa siku. Badala ya mizani, pima mara moja, kisha piga mstari wa rangi kwenye ndoo: chakula kifike hapa, basi. Kupanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina kunataka kamba yenye mafundo, kila penye fundo shimo moja. Ratiba ya siku inaweza kuwa picha nne ubaoni, na kila kazi ikiisha picha yake inageuzwa.

Wakufunzi wanaojaribu vifaa hivi hugundua kwamba vinawasaidia hata wafanyakazi wasio na ulemavu. Fundo la kamba halichoki wala halisahau, iwe ni kwa kijana wa mafunzo au kwa kibarua aliyekesha msibani.

Usalama

Takriban mtu mmoja kati ya watano wenye ulemavu wa akili ana kifafa pia. Kabla ya kumpangia mtu kazi, muulize mlezi wake kuhusu kifafa, dawa anazotumia na saa za kuzimeza. Mwenye kifafa asifanye kazi peke yake karibu na kisima, bwawa, moto au mashine. Kazi zipo nyingi mbali na hatari hizo.

Dawa za kuua wadudu na magugu zifungiwe kwenye chumba chenye kufuli, zisitiwe kamwe kwenye chupa za soda au maji, na kupulizia kusiwe sehemu ya mafunzo ya mwanzo. Panga na fyekeo vifundishwe kama kazi nyingine, kwa hatua, huku mkufunzi akiwa karibu. Kumkataza mtu kugusa panga maisha yake yote hakumlindi, kwa sababu siku moja atalikuta peke yake.

Usalama pia ni kulindwa dhidi ya watu. Wasichana na wavulana wenye ulemavu wa akili wako katika hatari kubwa zaidi ya kunyanyaswa kingono, na shamba lina vichaka, maghala na njia za upweke. Mahali pa mafunzo pawe na watu wazima zaidi ya mmoja, choo chenye mlango unaofungwa, na mtu anayejulikana ambaye mwanafunzi anaweza kumwambia jambo. Mfundishe kusema hapana, hata kwa mkubwa. Mtoto aliyefundishwa kutii kila mtu atamtii pia mwenye nia mbaya.

Mafunzo yanapogeuka kuwa utumikishaji

Mfano unaojulikana sana wa mafunzo yaliyoharibika unatoka Marekani. Katika miaka ya 1960, kampuni iliyokuja kujulikana kama Henry's Turkey Service ilianza Texas kuwachukua wanaume wenye ulemavu wa akili kutoka taasisi za serikali na kuwafundisha kazi za batamzinga. Kwa maelezo ya wakati ule, lilikuwa jambo la kusifiwa: watu waliofungiwa ndani wanapata ujuzi na kazi. Miaka ya 1970 kundi la wanaume hao lilipelekwa Atalissa, mji mdogo wa jimbo la Iowa, wakawa wanafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchinja batamzinga. Walilala kwenye jengo kuukuu lililokuwa shule.

Miaka ikapita, mafunzo hayakuisha na mishahara haikuongezeka. Kila mmoja alipewa dola 65 kwa mwezi, kiasi kilekile hata kazi iwe nyingi vipi, na kampuni ikikata fedha nyingine kwa maelezo ya chakula na malazi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1938 iliruhusu, kwa kibali, kuwalipa watu wenye ulemavu chini ya kima cha chini, na kampuni ilijificha nyuma ya ruhusa hiyo. Mambo yalifichuka mwaka 2009, baada ya dada wa mmoja wao kutilia shaka akiba ndogo aliyokuwa nayo ndugu yake. Mwaka 2013 baraza la wazee wa mahakama liliamua wanaume 32 walipwe dola milioni 240. Kwa sababu sheria ina ukomo wa fidia, kiasi hicho kilishushwa hadi dola milioni 1.6.

Jambo la kutuhusu zaidi katika kisa hicho ni majirani. Watu wa Atalissa waliwajua wanaume wale. Waliwaona kanisani na kwenye sherehe za mji, wakawapenda. Kwa zaidi ya miaka 30 karibu hakuna aliyeuliza wanalipwa nini. Kupendwa hakukuwalinda.

Turudi sasa kwa kijana wetu anayepalilia kwa sahani ya ugali. Tofauti na wale wa Atalissa, hana kampuni inayomsimamia, lakini swali ni lilelile. Kazi anayofanya ingelipwa shilingi ngapi kama angeifanya kibarua mwingine? Ikiwa jibu ni shilingi elfu kadhaa, na yeye anapata chakula tu, basi kuna mtu anayefaidika na tofauti hiyo.

Zipo dalili za kuangalia. Mafunzo ya kweli yana mwanzo na mwisho, na yana orodha ya ujuzi ambayo mzazi anaweza kuiona. Mwanafunzi anabadilishiwa kazi kadiri anavyoweza. Mtu aliyefagia banda kwa miaka mitano bila kufundishwa kingine hayuko mafunzoni, ni mfanyakazi, na mfanyakazi analipwa. Mazao ya shamba la mafunzo yakiuzwa, wanafunzi wawe na fungu lao, na hesabu iwekwe wazi mbele ya wazazi.

Kazi pia isiwe adhabu. Wengi wetu tuliosoma shule za hapa tunakumbuka jembe tukilipewa kwa kuchelewa au kupiga kelele, ingawa Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikusudia shamba la shule liwe la kujifunzia. Kumwadhibu mwanafunzi kwa kazi ileile tunayotaka aipende ni kujiharibia wenyewe.

Kuhusu malipo yenyewe, ni vyema mwanzoni yatolewe kwa siku au kwa wiki, ili uhusiano kati ya kazi na fedha uonekane. Noti zetu zina rangi tofauti, na rangi hufundishika. Mtu anaweza kujua kwamba noti nyekundu ni kubwa kuliko ya bluu kabla hajajua kuandika elfu kumi au elfu moja. Ampeleke mtu wa kumwamini dukani, anunue mwenyewe kitu anachokitaka. Malipo yakipitia simu, laini iwe na jina la nani? Ikiwa ni ya ndugu, pawe na daftari la kila kilichoingia na kilichotoka.

Sheria inasemaje?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unatambua katika ibara ya 27 haki ya kufanya kazi kwa usawa na wengine na kupata ujira ulio sawa kwa kazi ya thamani sawa. Ibara hiyohiyo inakataza kuwashikilia watu wenye ulemavu katika utumwa au kazi ya kulazimishwa. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009.

Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ya wafanyakazi wake ni watu wenye ulemavu. Shamba la maua, chai au mkonge lenye wafanyakazi 100 linapaswa kuwa na watatu. Sheria haisemi ulemavu wa miguu au macho pekee, na wenye ulemavu wa akili wamo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu, na inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Mtoto mwenye ulemavu ni wa shule kwanza, kama watoto wengine.

Kwa mtaji, halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Taarifa za masharti zinapatikana kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata au halmashauri. Nchini Kenya, ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010 inaelekeza kufikiwa hatua kwa hatua kwa asilimia 5 ya nafasi za uteuzi na uchaguzi katika vyombo vya umma kwa watu wenye ulemavu.

Pa kuanzia

Huhitaji ekari kumi. Tuta moja la mchicha na mabanda mawili ya kuku yanatosha kwa wanafunzi wachache. Afisa ugani wa kata anaweza kusaidia upande wa kilimo, na afisa ustawi wa jamii upande wa familia. Mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi iliyo karibu anajua namna ya kufundisha, na walimu wengi wa aina hiyo wamepitia Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha. SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu Tanzania, linaweza kukuelekeza kwenye chama kinachohusika.

Mzazi anayempeleka kijana wake kwenye shamba lolote la mafunzo, liwe la kanisa, la msikiti, la shirika au la mtu binafsi, ana haki ya kuuliza maswali haya kabla ya kuondoka getini:

Atajifunza nini katika miezi mitatu ya kwanza, na nitaonyeshwaje kwamba amejifunza?
Nani atakuwa naye muda wote, na akiumwa mtafanya nini?
Mazao yanauzwa wapi, na fungu lake ni lipi?
Naweza kuja siku yoyote bila taarifa?
Mafunzo yakiisha, atakwenda wapi?

Mwenye shamba atakayekasirishwa na swali la nne amekwishajibu mengine yote. Na swali la sita ni la kumuuliza kijana mwenyewe, jioni ya wiki ya kwanza, kwa maneno machache na bila kumharakisha: kesho unataka kurudi? Asiyezungumza atajibu kwa namna yake. Atakimbilia viatu asubuhi, au atajificha nyuma ya nyumba, na jibu lake lihesabiwe kama la mtu mwingine yeyote anayechagua kazi.